Vyungu vya Ain Sarsar

Guangzhou,
Mfunguo Pili, Novemba 2007

Kwa kaka yangu Abass,

Assalaam alaykum. Nakushika mkono, ila mkono wa Mama naubusu kwanza kabla ya wako, usione wivu. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, goti lako limetulia, wifi yangu Nahla hajambo, na Mama anakula vizuri. Mtu mmoja aliyekuja huku kutoka Unguja aliniambia Mama amekonda, mwingine akaniambia amenenepa. Niandikie wewe ukweli. Mimi mwili mzima, alhamdulillahi. Nimechoka tu, na uchovu wenyewe si ule wa kulala ukaamka umekwisha.

Najua utashangaa kupokea barua zama hizi za simu. Lakini wewe simu yako unaipokea kwa spika, nyumba nzima inasikiliza, na jirani anachangia kutoka dirishani. Haya ninayotaka kukwambia si ya spika. Nampa Msabaha mkononi, anaruka kesho kuja huko na mabegi aliyonunua soko la Shiling, na ameniapia hataifungua. Mpe chai, umshukuru, lakini usianze kumpeleleza kwa sababu hajui kitu.

Umeniuliza huyo Mualjeria aliyekupigia kuniposa ni nani, na wewe ukiwa ndiye walii wangu sasa baba hayupo, umpe jibu gani. Umesema amekuahidi kupiga tena Ijumaa. Umesema pia Kiarabu chako cha Maskati na chake cha kwao vilipigana kwanza, kisha vikapatana, na kwamba alikusimulia habari za timu yake ya mpira kwa muda mrefu kuliko alivyokusimulia habari zangu mimi. Hilo ulilisema kwa kucheka. Mimi sikucheka, Kaka. Hilo hasa ndilo lililokuwa likinisumbua, na kulieleza inanibidi nianze na timu yenyewe.

Anaitwa Lakhdar. Ni mjane, mtu wa makamo, mpole, anavaa koti moja baridi na joto. Ananunua viatu soko la Liuhua na kupeleka kwao, na mimi ndiye wakala wake. Kazi yangu unaijua: asubuhi niko soko la nguo la Shisanhang nasukumwa na watu wa mabelo, mchana niko kwa mafundi wa mabegi, jioni kwenye ghala la kago nabishana kuhusu kipimo cha kontena. Siku nzima napanda ngazi nikimwita kila mtu laoban, maana huku kila mwenye duka lazima umwite bosi hata kama duka lake ni kabati. Katika wateja wangu wote Lakhdar peke yake ndiye aliyekuwa akiniuliza kama nimekula.

Kwao ni Ain Sarsar, mji mdogo juu kwenye nyanda za baridi, mbali na bahari. Timu yao inaitwa Ittihad. Nilipomjua, timu hiyo ilikuwa daraja la tatu, inachezea uwanja wa kokoto, na golikipa wao ni mtu wa tanuri la matofali anayekuja uwanjani na vumbi la kazini. Lakhdar alikuwa kwenye kamati yao, ndiye mwenye ufunguo wa stoo ya jezi. Tukikaa kula pale Xiaobei, kwenye mgahawa wa Waislamu, alikuwa akipanga bilauri za chai mezani kunionyesha bao lilivyofungwa: hii beki, hii winga, kijiko ndiyo goli. Mimi miguu inaniuma, nataka nile nikalale, lakini namsikiliza. Basi nikazoea, na baadaye nikawa namuuliza mwenyewe kama winga amepona.

Mwaka jana, msimu ulipofika mwisho, timu ilibakiwa na mechi moja ya kupandia daraja, na wakataka skafu za mashabiki. Fundi wa kwanza tuliyempa alichapa Kiarabu kinyumenyume, herufi zimeachana kila moja na lwake. Lakhdar alikuwa amekwenda kwao kumuuguza baba yake. Akanipigia simu, laini inakata, akaniambia nimtafute fundi mwingine na niandike kwa mkono wangu mwenyewe, fundi aige. Maneno ni mepesi, akasema: fahari ya Ain Sarsar. Mimi neno nililolisikia ni fahari yetu hii hii ya kila siku.

Sasa kumbuka Bibi alivyokuwa akituandikisha Kiswahili kwa herufi za Kiarabu pale barazani, na kanuni yake: pale sauti inapovutwa, tia alifu. Fa-haa-ri. Nikatia fe, nikatia khe kama walivyoandika wazee, nikavuta alifu yangu ndefu, nikatia re. Nikaitazama, nikaona nzuri. Fundi, mama mmoja anayeitwa Laoban Liang, akaisifu hati yangu kwa dole gumba. Skafu zikafumwa, kijani na nyeupe, zikapelekwa kwa ndege.

Kumbe Waarabu fahari yao hawaitii alifu. Ukiitia alifu, msomaji wao anasoma vyombo vya udongo. Na neno lenyewe, Kaka, tumelikariri chuoni tangu tuna meno ya utoto, pale mwanadamu anapotajwa kuumbwa kwa udongo. Mwalimu wetu angekuwa hai angenichapa. Kwa hiyo mji mzima ulivaa shingoni: Vyungu vya Ain Sarsar.

Na hapo ungelifikiri basi, ni kosa la kuchekesha. Lakini mji ule tangu zamani mama zao walikuwa wafinyanzi, wakiuza vyungu kando ya barabara, na timu za pwani zikienda kucheza kule huwatukana kwa hilo hilo, nyie vyungu, nyie watu wa udongo. Lakhdar alinipigia siku ya mechi yenyewe, akaniuliza taratibu niliandika nini. Nikamjibu kwa kujiamini kabisa. Aliponieleza, nilitamani lifti ya soko nililokuwamo inimeze. Hakunitukana. Alisema tu kwamba kuna upepo mkali, skafu zimeshagawiwa, na watu wana baridi.

Wakazivaa. Wengine kwa hasira, wengine wamezigeuza ndani nje. Na wakashinda. Mechi ya kwanza ya msimu uliofuata, mzee mmoja akaja uwanjani na chungu cha kweli anakipiga kwa mwiko. Baada ya hapo jukwaa zima likawa linapiga vyungu. Lakhdar alinisikilizisha kwenye simu, ni kelele za ajabu, na wageni walikuwa wakiingia uwanjani tayari wameshatishika. Tusi likawa jina lao. Kina mama waliokwisha acha ufinyanzi wakaanza tena kufinyanga vijungu vya kijani na nyeupe vya kuuzwa langoni. Msimu ule wakapanda tena, na wakajikuta daraja la kwanza, wao na golikipa wao wa tanuri, wanacheza na wale wale wa pwani. Ndiyo timu uliyosimuliwa kwenye simu. Hakukudanganya katika hilo.

Ubaya ulianza pale walipojua aliyeandika ni mwanamke wa Unguja. Wewe haya unayajua kuliko mimi, wewe uliyekuwa kamati ya ufundi ya mtaa wetu, uliyewaingiza wachezaji uwanjani kwa kuruka ukuta na lango liko wazi. Basi na wale nao wana kamati yao ya uganga. Wakasema mkono wangu una baraka. Hawakutaka skafu mpya itokane na nakala, lazima niandike upya kila mara. Kabla ya mechi kubwa Lakhdar alikuwa akiniomba, kwa haya, niandike lile neno kwenye karatasi na kulipeleka kwa faksi, wao wanalibandika chumba cha kubadilishia jezi. Nami naacha wateja wangu wamesimama, nakwenda kwenye duka la faksi kuandika vyungu. Mara ya kwanza nilicheka, na mara ya kumi nilikuwa sicheki tena.

Ramadhani hii iliyopita, tumemaliza kufuturu, Lakhdar akaniambia anataka kunioa. Nilimwambia aseme na kaka yangu. Nilisema vile ili nipate nafasi ya kufikiri, si kwa adabu, unisamehe.

Kaka, nakwambia kitu ambacho sijamwambia mtu. Jaffari hakuniacha kwa yale mliyoambiwa. Jaffari alinioa kwa Kichina changu. Miaka ile yote nilikuwa mkalimani wake, nalala kwake na kula kwake, na siku alipopata kijana wa Kichina anayejua Kiingereza, akaona hana haja na mimi tena. Hakuwa na ubaya mwingine. Alinishukuru, hata mkono alinipa. Mtu akikuacha kwa ugomvi unapona, lakini akikushukuru kama aliyemaliza kazi ya kibarua, unabaki kila siku kujiuliza wewe ulikuwa nani mle ndani.

Kwa hiyo Lakhdar aliposema vile, furaha niliyokuwa nayo ilidumu mpaka nilipofika kwangu. Halafu nikaanza kujiuliza. Ananitaka mimi, au anautaka mkono wangu? Mji mzima unaamini timu imepanda kwa ajili yangu, na yeye ni mtu wa mji ule. Pengine hata yeye mwenyewe hajui. Nikajiona nimechukuliwa mpaka Ain Sarsar, nimewekwa ndani kama hirizi iliyoshonewa kwenye ngozi, na siku timu ikifungwa wanaitupa. Nimeshakuwa mkalimani aliyeolewa. Sina nguvu ya kuwa hirizi iliyoolewa, kwa umri huu.

Nikaona dawa ni moja. Timu ifungwe kwanza, nimwone atakavyokuwa, ndipo nijue. Kaka, niliomba dua. Nilikaa juu ya mswala nikaomba timu ya watu ifungwe, tena ifungwe vibaya. Mungu anisamehe, na wewe usimwambie Nahla.

Lakini haikufungwa. Ligi ilianza Agosti, na kila Jumamosi Lakhdar alikuja Xiaobei na habari njema. Wameshinda. Wametoka sare ugenini. Wameshinda tena. Bilauri zinapangwa, kijiko ndiyo goli. Mimi nakunja uso, maana hata mimi nisiyejua mpira najua timu iliyopanda juzi haishindi namna hiyo. Akadhani nimekasirika kwa sababu ya posa, akawa mpole zaidi. Jumamosi moja nilimwambia moja kwa moja kwamba kila timu hufungwa. Aliangalia chai yake, akasema inshallah, zamu yetu bado. Nikarudi kwangu nimekata tamaa kabisa. Nikaamua utakaponiuliza nitakwambia umkatalie.

Nilikuwa nimeshaamua hivyo wiki iliyopita, siku Laoban Liang aliponipigia. Akasema sampuli yangu ya Algeria iko tayari, niende nikatazame kama maandishi ni sawa, maana safari hii neno limebadilika. Mimi sikuagiza kitu. Nikaenda. Kwenye meza yake nikaikuta skafu ya kijani na nyeupe, na neno limeandikwa fahari ya Kiarabu, safi, bila alifu yangu. Kando yake amekaa mwanamume na kikombe cha chai. Aliponiona akasimama. Alikuwa Brahim, mtoto wa ami yake Lakhdar, nimeshawahi kumpeleka kununua soli. Uso ulimwiva.

Nilimuuliza kwa nini wamebadilisha. Alijizungusha sana, lakini si mtu wa kusema uongo. Akaniambia tangu ligi ianze Ittihad haijashinda hata mechi moja. Wako mkiani. Wamefungwa nyumbani, wamefungwa ugenini, wale wa pwani wamewafunga mabao ambayo hata kuyataja hakutaka. Mji umegeuka. Wanasema yule mgeni aliwaita vyungu, na chungu mwisho wake ni kuvunjika. Vyungu vimepigwa marufuku uwanjani, faksi zangu zimebanduliwa ukutani. Kamati ya timu ilimwita Lakhdar kwa simu, ikamtaka aachane na mimi, awe wakala na mteja basi, na kama si hivyo asijihesabu tena kuwa mwenzao. Lakhdar akawaambia ufunguo wa stoo uko kwa dada yake, waende wakauchukue. Nikamuuliza Brahim hayo yalikuwa lini. Aliponitajia siku, nikahesabu. Ndiyo siku aliyokupigia wewe mara ya kwanza.

Nilikaa kwenye belo la nyuzi. Laoban Liang akadhani sampuli ni mbaya, akaanza kujitetea. Na Brahim, maskini, kwa kuwa nilikuwa pale na yeye macho yake hayaoni karibu, akaniomba nimtazamie kama herufi zote zimeungana. Nikamtazamia. Nikamwambia Laoban Liang kwamba ni sawa, afume. Kisha nikashuka ngazi za jengo lake, nikasimama katikati kwenye ngazi watu wananipita na mizigo, nikalia. Nililia kwa sababu ya Jumamosi zote zile, Kaka. Mimi nilikuwa nikisubiri timu ifungwe ili nimpime, na yeye alikuwa akitoka kusikiliza wamefungwa, ananawa uso, anakuja kunipangia bilauri ili nisije nikadhani kosa langu limewaangusha. Hata Ramadhani aliponiposa, walikuwa tayari wanafungwa.

Jana Jumamosi alikuja. Nilijua kutoka kwa Brahim kwamba wamepigwa tatu bila. Lakhdar akaketi, akavuta pumzi, akasema wameshinda mbili moja, bao la pili la kichwa. Akaanza kupanga bilauri. Alikuwa amechoka sana, Kaka, alisahau mpaka kijiko, goli halikuwepo. Nikamsogezea kijiko mimi. Nikamwambia hongera.

Basi jibu langu ni hili. Ijumaa akipiga, mpokelee posa. Mahari usimzidishie, na usimwambie utafikiri, mambo ya kufikiri nimeshayamaliza mimi huku. Tutakaa wapi bado sijui. Kwao hawanitaki, na mimi Guangzhou imenichosha mpaka mifupa. Yeye anasema ukikubali yuko tayari kuja kuuza viatu hapo sokoni Darajani. Utamfundisha mwenyewe namna ya kukaa na watu wa pale.

Ila nakuomba kitu kimoja, nakushika miguu. Nakujua, ulimi wako ukiguswa na mpira haukai. Asijue kwamba mimi najua. Ipo siku nitamwambia, tukishakuwa wazee na haya hayana uzito. Kwa sasa hiyo ndiyo zawadi yake kwangu na sitaki kumrudishia. Wala usiende kwenye kompyuta za vijana kutafuta msimamo wa ligi ya Algeria ukamsahihishe. Akikwambia wanaongoza, sema mashallah.

Nimefika mwisho wa karatasi. Nisalimie Nahla, mwambie vitenge vyake viko kwenye begi la Msabaha, chini, vimefungwa kwa gazeti. Wasalimie majirani wote pamoja na yule wa dirishani. Mama mpe salamu zangu peke yake, mlango umefungwa, na umwambie nimepata mtu. Timu usimtajie. Atauliza kama inashinda, na wewe kumdanganya Mama huwezi.

Nduguyo anayekupenda,
Sihaba